Cheo cha Pini Seta

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshajisahau. Nililipiga misumari mwenyewe, mbao mbili juu ya tairi chakavu za Landikruza, nikaliweka mbele ya saluni yangu ya kunyoa hapa Karatu, kando ya lami inayopanda kwenda getini Ngorongoro, ili wateja wakae wakingoja zamu. Wateja hawajawahi kupata nafasi. Kushoto anakaa Mwalimu Martini, tunamwita Kamusi, aliyefundisha Kiingereza kule Rhotia mpaka akastaafu, na tangu astaafu hajakutana na neno asilolijua. Katikati ni Nelson, jina la kijiweni Lo-Renji, dereva wa watalii, mrefu hadi anainama kuingia mlangoni kwangu, anayetembea kwa miguu kama anateremka kreta kwa gia nzito. Kila siku Lo-Renji ana wageni, na kila siku wageni hao ni wa kesho. Kulia amelala Lembris, mlinzi wa usiku wa duka la vifaa vya ujenzi, shuka usoni, anachangia hoja bila kujifunua. Kahawa ni ya Katarina, na Katarina hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Mimi nasimama mlangoni na mashine yangu ya kunyolea mkononi, na nikikusimulia wanayoongea hawa watu, usidhani nawapenda.

Jumanne hiyo asubuhi Inosenti alikuja amevaa tai.

Tai! Inosenti ninayemjua mimi ni dereva wa trekta la Mama Laurencia kule Mbulumbulu, kijana mfupi, mgongo mpana, vumbi la shamba mpaka kwenye kope. Nikimnyoa yeye naosha mashine mara mbili. Leo shati jeupe, tai nyekundu, na ufunguo wa trekta kaushika kwa ncha za vidole, mbali na shati.

Katarina: Nani kafa?

Inosenti: Hajafa mtu, dada Kata. Nimepata kazi lodge.

Lo-Renji: Lodge gani? Lodge zote mimi nazijua.

Inosenti: Ile mpya ya kule juu, njia ya msituni. Wamejenga bolingi.

Lembris (chini ya shuka): Wamejenga nini?

Inosenti: Bolingi. Ni njia ndefu ya mbao, inang'aa. Mwisho wake zimesimama pini kumi, umbo lake kama chupa. Mgeni anachukua tufe zito, analiviringisha, pini zinaanguka.

Lembris: Halafu?

Inosenti: Halafu anashangilia.

Lembris: Mtu anatoka kwao Ulaya, anapanda ndege usiku kucha kuja kuona simba, akifika anaangusha chupa?

Lo-Renji: Simba haonekani kila siku, bana. Chupa zipo.

Kamusi: Tulieni. Kijana, ndani ya hiyo bolingi umeajiriwa kama nani?

Inosenti akainyoosha tai yake. Niliona amelisubiri swali hilo tangu alipoamka.

Inosenti: Pini Seta. Meneja kanishika bega kabisa, akasema, "Wewe ndiye Pini Seta wetu."

Lori la vitunguu la kutoka Mang'ola likapita na kelele zake, wote wakalisindikiza kwa macho. Hakuna aliyelijua neno lile hata kidogo. Lakini pale kwenye benchi langu, kusema "sijui" ni kama kuvua suruali. Kamusi akanywa kahawa taratibu, na akinywa taratibu ujue anautafuta uongo uliko.

Kamusi: Aaa. Pini Seta. Hongera sana. Seta ni mtunzi. Mitihani ya taifa ina maseta wake. Mimi mwenyewe nilitaka kupendekezwa kuwa seta, wakubwa wakaniogopa. Seta hajulikani na mtu, anafungiwa hotelini, analetewa kuku, anatunga. Wewe sasa umepewa kutunga pini.

Katarina: Pini inatungwaje, Mwalimu?

Kamusi: Ndiyo maana kikaitwa cheo, Katarina. Kingekuwa kitu cha kueleweka wangempa yeyote.

Lo-Renji: Mwalimu, hapo umeacha barabara. Seta anatoka kwenye kuseti. Gari likivuta upande unalipeleka kuseti tairi, si ndiyo? Basi pini nazo zinasetiwa. Yeye ndiye anayejua kila moja ikae wapi na iegemee wapi. Bila Inosenti, lodge nzima inavuta kushoto. Kwa kifupi, huyu ni injinia.

Lembris: Kwenye voliboli, seta ndiye anayempandishia mwenzake mpira apige.

Lo-Renji: Na wewe voliboli umeijulia wapi?

Lembris: Nililinda shule.

Inosenti alikuwa anatazama mdomo wa huyu, anahamia mdomo wa yule, na kila neno lilimuongezea kimo. Mtunzi! Injinia! Nikaona mtu anapotea mchana kweupe, nikauliza kilichonihusu, maana Mama Laurencia ni mteja wangu, wajukuu zake wote nawanyoa mimi.

"Na trekta la watu?"

Inosenti: Liko pale nyuma ya sheli. Mama anakuja kuchukua ufunguo. Saa kumi mimi nasaini lodge.

"Mvua zinanukia, Inosenti. Shamba la yule mama halijalimwa hata robo. Tangu mzee wake afariki, nani mwingine anaijua gia ya lile trekta?"

Inosenti: Atapata mtu.

"Atampata wapi?"

Basi akaniangalia, na ile sauti ya cheo ikamtoka.

Inosenti: Kinyozi, mimi nimechoka. Niliosoma nao wana beji kifuani zenye majina yao. Mimi nikiingia kanisani Jumapili, mtoto ananishika sikio anauliza hili vumbi ni la wapi. Nataka na mimi nikiulizwa kazi gani, nijibu neno, mtu akae kimya. Nataka cheo, basi. Ni dhambi?

Alisema kweli, na tai ilikuwa imemkaba kidogo.

Inosenti: Tatizo langu ni moja. Mchezo wenyewe siujui. Nimeangalia video kwenye simu mpaka bando limekata, maneno ni mengi mno. Meneja akiniuliza nitaumbuka. Nisaidieni.

Ungewaona! Kuwaomba msaada Kamusi na Lo-Renji ni sawa na kufungua zizi na kuwaita fisi wahesabu mbuzi. Hata Lembris alifunua jicho moja.

Kamusi: Lete neno la kwanza.

Inosenti: Straiki.

Katarina: Hee! Mgomo? Siku ya kwanza tu umeshagoma? Watakufukuza na tai yako.

Inosenti: Siyo mgomo, dada. Ni pale tufe la kwanza linapoangusha pini zote kumi. Wanaandika alama ya eksi.

Kamusi: Ni mgomo hivyohivyo. Pini zimegoma kusimama. Zote kwa pamoja, kwa umoja na mshikamano. Ndiyo maana meneja anaandika eksi, hataki kuliandika neno lenyewe.

Lo-Renji: Linalofuata.

Inosenti: Spea.

Lo-Renji: Hilo niachieni mimi. Spea haiguswi mpaka ya kwanza ikuangushe.

Inosenti: Enhe! Karibu na hapohapo. Mgeni ana mitupo miwili. Wa kwanza ukibakiza pini, wa pili ukazimaliza, hiyo ni spea.

Lo-Renji: Si nimesema? Kumbe mchezo wenyewe ni wa madereva. Endelea.

Inosenti: Mchezo mzima una fremu kumi.

Katarina: Fremu kumi! Hapa Karatu mwenye fremu mbili tu za duka hasalimii watu. Huo ni mchezo wa wenye nyumba.

Kamusi: Fremu ni fremu. Unapewa, unatumia zamu yako, muda ukiisha unatolewa anaingia mwingine. Umewahi kuona tofauti?

Inosenti: Kuna mahali panaitwa mfuko. Ni kati ya pini ya mbele kabisa na ile inayoifuata kwa nyuma, upande mmoja. Tufe likiingia pale mfukoni, zote zinalala.

Lo-Renji: Hapo sasa umeongea utalii. Mgeni analenga mfuko wa pini, lodge inalenga mfuko wa mgeni.

Katarina: Na wewe unalenga mfuko wangu wa kahawa. Kikombe cha tatu hicho.

Lo-Renji akajifanya anatazama barabarani, labda wageni wa kesho wamewahi.

Inosenti: Halafu kuna spliti. Umetupa, katikati zote zimeanguka, zimebaki mbili tu, moja kona hii na nyingine kona ile. Video inasema hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Lembris akakaa. Tangu asubuhi hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa.

Lembris: Hiyo naijua. Ng'ombe wawili wamekutoroka, mmoja kashika njia ya korongoni, mwingine kaingia shamba la Mwiraqw. Wewe una fimbo moja. Unafanyaje?

Inosenti: Unafanyaje?

Lembris: Unamgonga wa huku kwa pembeni, ashtuke akimbilie kule, amsukume mwenzake. Wote wanakwenda. Tangu nikiwa layoni, mtoto wa kuchunga, nafanya hivyo, hakuna mzungu aliyenipigia makofi.

Inosenti: Ndivyo walivyofanya kwenye video! Tufe limeigusa moja ubavuni, ikateleza ikaipiga ya pili.

Lembris akalala tena, ameridhika mwezi mzima.

Inosenti: Na straiki tatu mfululizo zinaitwa bata mzinga.

Hapo hata Kamusi alikwama. Akanywa kahawa taratibu. Kikombe kilikuwa kitupu, akaendelea kunywa.

Kamusi: Bata mzinga... ni zawadi. Ukipiga tatu, mpishi anachinja. Ila kwa wafanyakazi wanachinja kuku.

Lo-Renji: Na ukipiga zote?

Inosenti: Straiki kumi na mbili bila kukosa, hiyo ni geimu kamilifu. Watu wanaweza kucheza maisha yao yote wasiipate.

Kamusi: Siku ikipatikana mbele ya macho yako, Pini Seta, wewe utakuwa mtu wa kwanza kupandishwa cheo. Watakupeleka Dubai ukawatungie wenzako.

Lo-Renji: Dubai kitu gani? Huyu anakwenda Olimpiki. Atabeba bendera.

Kamusi: Halafu kuna jambo nataka kuuliza kitaalamu. Huyo meneja alikufanyia usaili?

Inosenti: Aliniuliza mambo mawili tu. Kwanza kama mgongo wangu una shida. Nikasema hauna, nabeba gunia la ngano peke yangu. Akaugonga kwa ngumi, akafurahi. Pili akanisimamisha ukutani akanitazama kimo. Akasema safi sana, mfupi.

Katarina alinitazama, na mimi nikamtazama. Wataalamu walikuwa wameshaanza.

Lo-Renji: Umeona! Gari lenye tumbo chini halipinduki. Mtu mfupi ana balansi. Wanataka mtu wa kuwaonyesha wageni mtindo.

Kamusi: Na mgongo ndio makao ya ufundi wote. Utupaji hautoki mkononi, hapana, huo ni ushamba. Unatoka mgongoni.

Inosenti: Basi nifundisheni kutupa.

Ndipo kijiwe kikageuka uwanja. Chupa kumi tupu za maji zikaokotwa, zikajazwa udongo mwekundu hadi nusu, zikapangwa pembetatu mbele ya saluni yangu, mahali hasa anapopita mteja. Tufe likakosekana. Lo-Renji akainama chini ya meza ya Katarina, akaibuka na kabichi.

Katarina: Wewe! Hiyo ni mboga ya watoto!

Lo-Renji: Kwa ajili ya taifa, dada.

Tufe la bolingi lina matundu matatu ya vidole, Inosenti alisema, kidole gumba na vile viwili vya katikati. Lo-Renji akatoa bisibisi mfukoni akaitoboa kabichi matundu matatu. Katarina alifumba macho. Mimi nikachora mstari kwa chaki, maana Inosenti alisema kuna mstari wa faulo, mguu ukiuvuka mtupo haufai. Ndiyo, mimi nilichora. Ukiwa karibu na wendawazimu unajikuta umeshika chaki.

Kamusi alitupa wa kwanza. Alijieleza kwanza, kisha akajieleza tena, akakimbia kwa hatua fupifupi kama anawahi kengele, akaachia. Kabichi ilikata kushoto, ikavuka changarawe, ikatumbukia mtaroni.

Inosenti: Hilo linaitwa tufe la mtaroni. Hupati kitu.

Kamusi: Nilikuwa naonyesha kosa.

Inosenti akaenda kuitoa kabichi mtaroni, akaifuta, akairudisha. Akatupa Lo-Renji. Yeye alitaka ule mtupo wa kukunja kona: tufe linatoka kama linakwenda pembeni, halafu karibu na mwisho linajirudi na kuingia mfukoni. Unalizungusha kwa kifundo cha mkono wakati wa kuliachia, kidole gumba kikitoka kwanza.

Lo-Renji: Hii ndiyo kona ya kushukia kreta. Tazameni.

Kabichi ilikunja kweli. Ikapita chupa zote, ikakunja, ikaingia saluni kwangu na kuvunja ndoo ya maji. Inosenti akaifuata humo ndani, akanipa pole, akairudisha.

Inosenti: Halafu ile njia yao wanaipaka mafuta makusudi, ili tufe liteleze.

Lo-Renji: Barabara inapakwa mafuta? Makusudi? Na watu wazima wanakubali? Mimi mvua ikinyesha tu kwenye udongo wa kreta nasali rozari nzima!

Lembris akaamka, akatupa bila hatua, bila kifundo, bila kujieleza. Chupa nane zikalala. Inosenti akakimbia, akainama, akazisimamisha zote nane na kuzipanga vizuri. Lembris akatupa tena, zikalala kumi.

"Straiki!" kijiwe kizima kilipiga kelele, bodaboda wakasimama kutazama. Inosenti akainama tena, akazisimamisha kumi. Akatupa Kamusi, ikagonga moja, Inosenti akaisimamisha. Akatupa Lo-Renji, zikalala sita, Inosenti akazisimamisha sita. Yeye mwenyewe kutupa hakupata nafasi. Kila akisogea mstarini, Kamusi alimwambia subiri kwanza mwalimu akuonyeshe. Tai ilikuwa imeshageuka mgongoni, shati jeupe limepata rangi ya Karatu, jasho linamtiririka, na alikuwa anacheka kwa furaha.

Hatukujua Mama Laurencia alifika saa ngapi. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi, kanga mbili, viatu vya shamba, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama. Mama wa watu ni mpole. Hasira zake huwa hazitoki, anazila yeye mwenyewe.

Inosenti: Shikamoo, mama. Ufunguo huu hapa.

Mama Laurencia: Marahaba, mwanangu. Niwekee hapo. Endeleeni, napumzika miguu.

Akauweka ufunguo kwenye benchi kando yake, bila kumwangalia usoni. Kamusi, kwa heshima ya mgeni, akamweleza mama kila kitu: mgomo, spea, fremu, mfuko, Dubai. Mama aliitikia "ndiyo" kila mahali panapostahili. Kisha Lembris akatupa, straiki yake ya tatu, makofi, na Inosenti akakimbia akainama.

Mama Laurencia: Mwalimu, nikuulize kitu kimoja. Mimi sijasoma, mnisamehe.

Kamusi: Uliza, mama. Ndiyo kazi yetu.

Mama Laurencia: Kule lodge, pini zikishaanguka, nani anazisimamisha?

Kamusi akakinyanyua kikombe chake kitupu. Lo-Renji akatazama barabara. Lembris akavuta shuka usoni, lakini safari hii hakuwa na usingizi. Wote, mmoja baada ya mwingine, tukageuka kule alikoinama Inosenti, chupa moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, nane zikimsubiri chini.

Akainuka polepole.

Inosenti: Mashine. Kwenye video kuna mashine. Inashuka yenyewe, inazoa, inapanga.

Mama Laurencia: Umeiona kule lodge?

Inosenti akatoa simu, akampigia Beatrice wa mapokezi, binti wa Rhotia aliyesoma naye. Simu ya Inosenti spika ya sikioni ilishakufa, inaongea kwa loudi tu, kwa hiyo barabara nzima ilisikia.

Beatrice: Mashine? Mashine ipi, Ino? Meneja aliulizia bei akacheka mpaka akakaa. Si ndiyo maana umeajiriwa wewe? Utakuwa kule nyuma ya ubao, kuna kigoda. Ukisikia kishindo unaruka, unasimamisha pini, unawarudishia tufe lao, unajificha haraka. Ila miguu isionekane, meneja hataki miguu kwenye picha za wageni. Ndiyo maana alitaka mfupi.

Inosenti: Na beji?

Beatrice: Beji utaionyesha nani kule nyuma? Halafu usije na tai, itanaswa.

Simu ikakata. Nilitegemea kijiwe kicheke. Kinacheka misiba, hakicheki hili? Hakikucheka. Inosenti akakaa kwenye ile ncha nyingine ya benchi langu, chupa bado mikononi.

Inosenti: Kwa hiyo straiki...

Katarina: Ni wewe kuinama mara kumi.

Lo-Renji: Na bata mzinga ni thelathini.

Inosenti: Na tufe la mtaroni?

Lembris (chini ya shuka): Hapo unapumzika.

Inosenti: Ina maana nitakaa kule gizani naomba Mungu wageni wakose.

Katarina: Na siku mmoja wao akipata geimu kamilifu, sisi tutakuja kukuchukua na machela.

Kamusi: Hata hivyo, kwa upande wa lugha, seta ni mwenye kuweka mahali pake. Nilisema.

Katarina: Ulisema mtunzi! Ulisema analetewa kuku! Mwalimu, mtoto wa watu alikuwa anatupa trekta kwa ajili ya mdomo wako!

Kamusi akakiangalia kikombe chake. Nakwambia, tangu nimjue, siku hiyo ndiyo nilimwona anataka kusema lile neno la "sijui". Likafika mpaka kwenye meno, akalimeza.

Inosenti alikuwa anautazama ufunguo. Ulikuwa palepale benchini, kati yake na Mama Laurencia, karibu kabisa na mkono wake, na hakuweza kuufikia. Nilimwonea huruma hadi nikazima mashine.

Inosenti: Mama... ile gia ya pili. Usisahau kumwambia huyo dereva mwingine, lazima aipige teke kidogo upande wa chini. Akilazimisha kwa mkono ataivunja.

Mama Laurencia: Dereva mwingine yupi?

Inosenti: Si utampata.

Mama Laurencia: Nimezunguka tangu juzi. Nimeenda mpaka Buger. Nilikuja hapa kukaa tu, nisilie njiani. (Akamaliza kahawa yake, akajifuta mdomo kwa kanga.) Ila na mimi hiyo tai sitaki kuiona karibu na mkanda wa feni. Itanaswa.

Inosenti akaivua pale pale. Aliivua kwa haraka hadi ikang'ang'ania sikio. Akaitundika kwenye msumari wa mlango wangu, akachukua ufunguo, na safari hii aliushika kwa kiganja kizima. Hakutuaga. Tulisikia trekta likikohoa nyuma ya sheli, teke moja, gia ikaingia, halafu likapita mbele yetu na mama amekaa kwenye kile kiti cha pembeni juu ya tairi, kashika bega la dereva wake. Katarina akawapungia mkono. Inosenti alikuwa anatazama mbele, vumbi limeshaanza kumrudia kwenye kope.

Tukabaki na chupa zimelala chini. Hakuna aliyekwenda kuzisimamisha.

Kamusi alisema kahawa ya leo ilikuwa chungu. Lembris alisema kwa kuwa amepiga straiki tatu, anadai bata mzinga wake. Katarina aliiokota kabichi yake, akayatazama yale matundu matatu, akageuza birika, likatoa tone moja na machicha ya tangawizi. Ilikuwa mchana, na saa kumi bado haijafika.

Lo-Renji alikuwa amesimama mlangoni kwangu, anauangalia ule msumari. Kisha akaitoa tai, akaipangusa vumbi kwa mkono, akaikunja vizuri mara mbili. Nikakumbuka sijamwona akiendesha gari tangu kampuni iliyomwajiri ilipofungwa.

"Kinyozi," akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wa kwenye benchi wasisikie. "Kati ya mimi na Inosenti, nani mfupi?"

Alikuwa ameinama kuniuliza, maana mlango wangu haumtoshi. Nikawasha mashine, nikajifanya sijasikia.